Lehemu Inavyokula Chuma



Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Katika somo hili utasoma habari za chombo kinacholiwa na kitu kilichomo tumboni mwake. Chombo hicho ni chungu cha chuma. Kitu kinachokila ni lehemu. Lehemu ni madini laini ambayo mafundi huyayeyusha ili kuunga nyaya, vibatari, ndoo na vyombo vya shaba.

Huenda utauliza, "Lehemu ni laini hata waweza kuikunja kwa vidole. Itawezaje kula chuma kigumu?" Swali hilo ni zuri. Mafundi wa viwanda vikubwa nao waliwahi kuliuliza, baada ya vyombo vyao vya fedha nyingi kutoboka. Ukilijua jibu lake utaokoa fedha yako. Huenda pia utaokoa mguu wako, na afya ya watoto wako.

MKEBE ULIOTOBOKA

Siku moja nilikuwa nikitembelea madarasa ya kisomo. Nilipita kwenye kibanda cha fundi mmoja kando ya soko. Fundi huyo hutengeneza redio na simu. Pia husuka upya mota za mashine za kusaga. Kabla ya kuunga nyaya za mota, yeye huchovya ncha zake katika lehemu iliyoyeyuka, ili zishikane vizuri. Siku hiyo alikuwa ameyeyusha lehemu katika mkebe mtupu wa maziwa ya unga, juu ya jiko la mkaa.

Tulikuwa tukizungumza. Ghafla makaa yakalia, "Chwaa!" Lehemu ilikuwa imetoboa mkebe karibu na kitako. Ilimwagika juu ya makaa, ikatiririka hadi sakafuni. Mtoto wa fundi alikuwa amechuchumaa hatua mbili tu kutoka pale. Kwa bahati njema hakuungua.

Fundi alikasirika. Alisema, "Unaona, Mwalimu? Mikebe ya siku hizi ni hafifu. Moto umeuyeyusha."

Mkebe ulipopoa tuliutazama pamoja. Tundu lilikuwa na kingo nyembamba kama wembe, zinazong'aa kama fedha. Lakini juu ya usawa wa lehemu, mahali ambapo ndimi za moto zilipiga kwa nguvu, mkebe ulikuwa mzima. Ulikuwa mweusi kwa moshi, lakini mzima.

Fikiri kidogo. Kama moto ndio uliouyeyusha mkebe, kwa nini haukuyeyusha sehemu ya juu? Mkebe ulitoboka pale tu ulipogusana na lehemu. Basi, moto haukuuyeyusha mkebe. Lehemu ndiyo iliyoula.

LEHEMU NI NINI?

Lehemu ni mchanganyiko wa madini. Lehemu ya zamani ni mchanganyiko wa bati na risasi. Lehemu inayotumiwa sana kuungia nyaya za redio ina sehemu 60 za bati na sehemu 40 za risasi katika kila sehemu 100.

Hapa tusichanganye maneno. Tunaposema "bati" katika somo hili, hatusemi mabati ya kuezekea nyumba. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni madini meupe, laini na ya bei kubwa. Ndilo linalopakwa juu ya chuma chembamba cha mikebe mingi ya vyakula, ili chuma hicho kisishike kutu.

Sasa tazama joto linalohitajika kuyeyusha kila kitu. Joto hupimwa kwa nyuzi. Maji ya kunywa huchemka kwenye nyuzi 100.

Lehemu ya bati na risasi: huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183.
Bati peke yake: nyuzi 232.
Risasi peke yake: nyuzi 327.
Shaba nyekundu: nyuzi 1,085.
Chuma: nyuzi 1,538.

Soma tena mstari wa kwanza na wa mwisho. Lehemu ya fundi wetu haikuhitaji kufika hata nyuzi 300. Chuma kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Jiko la mkaa la kawaida halifiki huko. Kwa hiyo chuma cha mkebe hakikuyeyuka kwa moto. Kilikwenda wapi basi?

KUYEYUKA KWA NAMNA MBILI

Lugha yetu hutumia neno moja, "kuyeyuka", kwa mambo mawili. Samli huyeyuka juani. Sukari nayo huyeyuka katika chai. Lakini mambo hayo mawili si sawa.

Samli huyeyuka kwa sababu ya joto peke yake. Iweke kivulini, itaganda tena.

Sukari haiyeyuki katika chai kwa sababu ya joto peke yake. Hata katika maji baridi itayeyuka, ila polepole. Maji huichukua chembe kwa chembe, mpaka huioni tena. Sukari haijapotea. Onja chai, utaikuta humo. Tunaweza kusema kwamba maji yameimeza sukari.

Chuma katika lehemu ni kama sukari katika chai. Bati lililomo katika lehemu hukichukua chuma chembe kwa chembe. Chuma hakihitaji kufika nyuzi 1,538. Kinahitaji tu kugusana na bati lililoyeyuka. Kila dakika inayopita, chuma kidogo sana huondoka. Wahenga walisema, "Chovya chovya humaliza buyu la asali." Ndivyo ilivyo hapa.

Kuna tofauti moja kati ya chai na lehemu, nayo ni muhimu. Ukitia sukari nyingi mno katika chai, mwisho chai hushiba. Sukari inayozidi hukaa chini ya kikombe, wala haiyeyuki tena. Je, lehemu nayo haishibi chuma?

Hushiba, tena upesi, kwa kuwa inaweza kumeza chuma kidogo tu. Lakini bati na chuma vikikutana hufanya pia jambo lingine. Huungana na kuwa kitu kipya kigumu, chenye umbo la punje na sindano ndogo sana. Punje hizo hung'oka ukutani na kuelea ovyo ndani ya lehemu. Kila zinapong'oka, ukuta mpya wa chuma hubaki wazi, na lehemu huanza kula tena. Fundi naye huongeza lehemu mpya kila siku. Lehemu mpya ina njaa mpya. Kwa hiyo kazi ya kula haikomi.

MAMBO MANNE YANAYOHARAKISHA

Kila mpika chai anajua mambo yanayofanya sukari iyeyuke upesi. Mambo hayo ndiyo yanayofanya chuma kiliwe upesi.

Jambo la kwanza ni joto. Chai ya moto huyeyusha sukari upesi kuliko maji baridi. Lehemu yenye joto kali hula chuma upesi kuliko lehemu yenye joto la kadiri. Fundi anayepuliza moto mpaka chungu kiwe chekundu anakimaliza chungu chake mwenyewe.

Jambo la pili ni kukoroga. Ukikoroga chai, sukari huyeyuka upesi, kwa sababu maji mapya hufika kwenye sukari kila mara. Lehemu inayokwenda kasi hula chuma zaidi kuliko lehemu iliyotulia.

Jambo la tatu ni muda. Chungu kinachowekwa motoni saa moja kwa siku hudumu kuliko chungu kinachokaa motoni tangu asubuhi hadi jioni.

Jambo la nne ni wingi wa bati. Risasi na chuma havipatani. Risasi iliyoyeyuka peke yake hukaa ndani ya chungu cha chuma bila kukila sana. Ndiyo maana tangu zamani watu wameyeyusha risasi katika vyungu vya chuma. Mlaji hasa ni bati. Lehemu yenye bati nyingi ina meno makali zaidi.

NGOZI YA CHUMA

Umewahi kumwaga maji juu ya jani la gimbi? Maji hayalilowi jani. Hujikusanya kama shanga, yakabingirika na kuanguka. Jani la gimbi lina ngozi inayokataa maji. Lakini ukilisugua jani hilo mpaka ngozi ikatoka, maji hushika.

Chuma kisichoshika kutu kina ngozi ya namna hiyo. Ndicho chuma cha vijiko na sufuria zile nyeupe zinazong'aa. Ndani yake kuna madini yaitwayo kromi. Kromi ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo huzuia kutu. Pia hukataa lehemu. Ukitia lehemu iliyoyeyuka katika chombo cha namna hiyo kilicho kipya, lehemu haigandi ukutani. Hubingirika kama maji juu ya jani la gimbi.

Maadamu ngozi ni nzima, chuma ki salama. Lehemu haiwezi kula kitu isichokishika. Lakini ngozi hiyo ina maadui watatu.

Adui wa kwanza ni dawa ya kulehemia. Unajua kwamba fundi hupaka dawa mahali anapotaka kuunga. Kazi ya dawa ni kuondoa ngozi ya uchafu na kutu, ili lehemu ishike. Dawa haijui kama imepakwa kwenye kazi au imedondokea ukutani mwa chungu. Ikifika ukutani huondoa ngozi vilevile. Rafiki wa kazi akawa adui wa chungu.

Adui wa pili ni kukwaruza. Fundi anayekwangua chungu kwa bisibisi au brashi ya waya anakichubua ngozi.

Adui wa tatu ni lehemu yenyewe inapokwenda kasi na kusugua ukuta siku nzima.

Ngozi ikitoka mahali padogo tu, lehemu hushika pale. Utaona doa linalong'aa kama kioo. Hapo ulaji umeanza.

Sasa rudi kwenye mkebe wa fundi wetu. Mkebe huo haukuwa na ngozi ya kukataa lehemu. Ulikuwa umepakwa bati tangu kiwandani! Bati lile liliikaribisha lehemu kama mgeni wa siku nyingi. Na chini ya bati kulikuwa na chuma chembamba sana kuliko ukucha wako. Kutoboka kwake lilikuwa jambo la muda tu.

YALIYOTOKEA VIWANDANI

Redio, simu na taa za jua unazoziona kijijini zina vibao vyenye viungo vingi vidogo vya lehemu. Kiwandani, vibao vingi havilehemiwi kimoja kimoja kwa mkono. Kuna mashine yenye chungu kikubwa kinachobeba mamia ya kilo za lehemu iliyoyeyuka. Ndani ya chungu mna pampu. Pampu husukuma lehemu juu mpaka ikawa kama wimbi dogo la pwani. Vibao hupita juu ya wimbi hilo, na viungo vyote vya upande wa chini hulehemiwa kwa mara moja.

Kwa miaka mingi vyungu hivyo vilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Lehemu ilikuwa ya bati na risasi. Vyungu vilidumu miaka mingi bila taabu kubwa.

Lakini risasi ni sumu. Redio na mashine zilizochakaa zilikuwa zikitupwa majalalani kwa wingi, na risasi yake iliweza kuingia katika udongo na maji. Kwa hiyo nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipitisha sheria. Kuanzia tarehe 1 Julai, 2006, vyombo vingi vya umeme vinavyouzwa huko havikuruhusiwa tena kuwa na lehemu ya risasi. Viwanda vya nchi nyingine vinavyouza bidhaa zake Ulaya vilifuata.

Lehemu mpya ilikuwa karibu bati tupu. Aina moja inayotumiwa sana ina sehemu 96 na nusu za bati, sehemu 3 za fedha na nusu sehemu ya shaba katika kila sehemu 100. Lehemu hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Mashine zililazimika kuipasha joto la nyuzi 260 hivi.

Msomaji, kumbuka yale mambo manne. Bati limeongezeka. Joto limeongezeka. Pampu inakoroga. Na mashine za kiwanda hufanya kazi mchana na usiku. Mambo yote manne yalikutana mahali pamoja.

Matokeo yake ni nini? Baadhi ya viwanda viliona vyombo vyake vikiliwa katika muda wa miezi, badala ya miaka. Mapanga ya pampu yaliliwa kwanza, kwa sababu ndipo lehemu inapokwenda kasi. Kisha ikawa zamu ya mifereji inayopitisha lehemu. Halafu kuta za chungu zilianza kuwa na mashimo. Punje ngumu za bati na chuma nazo ziliingia katika viungo na kuviharibu.

Wataalamu walitafuta dawa. Viwanda vingine vilianza kutumia madini yaitwayo titani. Titani ina ngozi imara kuliko ya kromi, ingawa bei yake ni kubwa. Vingine vilitumia vyungu vinene vya chuma cha kusubu. Vingine vilikaangaza ngozi ya chuma kwa dawa maalumu ili iwe ngumu, au vilikipaka chuma tabaka kama la kauri.

Je, walikosea kuiondoa risasi? Hapana. Chungu kilichotoboka hununuliwa kingine. Akili ya mtoto iliyoharibiwa na risasi hainunuliwi. Lakini hapa tunajifunza jambo. Ukibadili kitu kimoja katika kazi, tazama pia vitu vinavyogusana nacho.

MABATI YA NYUMBA YAKO

Jambo hili haliko katika lehemu peke yake. Mabati mengi ya kuezekea hupata ngozi yake ya zinki kwa kupitishwa katika zinki iliyoyeyuka. Nguzo na mabomba ya chuma nayo huchovywa katika hodhi la zinki, lenye joto la nyuzi 450 hivi. Hodhi hilo mara nyingi ni la chuma, na zinki nayo hula chuma. Kwa hiyo kuta za hodhi hufanywa nene sana, na mafundi huchunga joto lisipande. Likipanda kukaribia nyuzi 500, kuta huliwa kwa kasi kubwa.

CHUMA CHA KULEHEMIA

Sasa turudi kwa fundi redio wa kijijini. Labda yeye hana chungu. Ana chuma cha kulehemia cha umeme. Ncha yake nayo huliwa.

Ncha za namna nyingi ni shaba nyekundu kwa ndani, kwa sababu shaba hupitisha joto vizuri. Lakini bati hula shaba upesi sana kuliko linavyokula chuma. Kwa hiyo watengenezaji huivika ncha koti jembamba la chuma. Koti hilo ndilo ngao. Likitoboka, lehemu huingia ndani na kuila shaba, mpaka ncha ikawa na shimo kama jino bovu.

Mafundi wengine wakiona ncha imekuwa nyeusi huipiga tupa. Kwa kufanya hivyo wanaondoa koti la chuma kwa mikono yao wenyewe! Tupa inafaa kwa ncha ya shaba tupu peke yake, kama ile ya fundi vibatari inayopashwa moto katika jiko. Ncha yenye koti ipanguse kwa kitambaa kibichi au sifongo yenye maji kidogo. Kisha ipake lehemu kidogo kabla ya kuzima. Lehemu iliyoganda haili kitu. Huikinga ncha na hewa.

Tufanye hesabu. Tuseme ncha moja inauzwa shilingi 5,000. Fundi wa kwanza hupiga tupa, na huacha chuma chake motoni mchana kutwa. Hununua ncha kila mwezi. Kwa mwaka hutumia 5,000 mara 12, yaani shilingi 60,000. Fundi wa pili hupangusa na huzima anapopumzika. Hununua ncha kila miezi mitatu. Kwa mwaka hutumia 5,000 mara 4, yaani shilingi 20,000. Fundi wa pili amebakiwa na shilingi 40,000. Hizo zatosha kumnunulia mtoto madaftari.

FANYA HIVI

1. Usiyeyushe lehemu katika mkebe wa maziwa, wa rangi au wa mafuta. Tumia chungu kinene cha chuma cha kusubu, kama kile kinachotumika kutengenezea pasi za mkaa. Chungu cha udongo hakiliwi na lehemu, lakini kinaweza kupasuka ghafla kwa moto.

2. Usizidishe moto. Lehemu ikiyeyuka na kushika kazi vizuri, joto linatosha.

3. Ukimaliza kazi, ondoa chungu motoni. Usikiache hapo kwa mazungumzo.

4. Paka dawa kwenye kazi tu. Usiidondoshe kwenye kuta za chungu.

5. Usikwangue chungu kwa chuma chenye ncha. Ondoa takataka za juu kwa kijiko kikavu.

6. Kila baada ya muda mimina lehemu yote na utazame ndani ya chungu. Ukiona madoa yanayong'aa, vishimo au ukuta uliokonda, acha kukitumia.

7. Weka chungu juu ya sinia pana lenye mchanga mkavu. Kikivuja, lehemu itabaki mchangani.

8. Usiruhusu hata tone la maji kuingia katika lehemu iliyoyeyuka. Maji hugeuka mvuke mara moja na kuirusha lehemu usoni mwako.

9. Mtu akiungua kwa lehemu, mwoshe mahali palipoungua kwa maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala mafuta. Mpeleke zahanati.

RISASI NA WATOTO

Lehemu ya risasi bado inauzwa madukani. Wengi wetu tunaitumia. Kwa hiyo tujue madhara yake.

Risasi huingia mwilini kwa vumbi, kwa mikono michafu na kwa chakula. Huharibu ubongo wa mtoto, naye akapata taabu ya kujifunza. Mtoto huumia hata kwa risasi kidogo. Mwaka 2007 na 2008, huko Thiaroye, karibu na mji wa Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kwa risasi iliyotoka katika betri za magari. Watu walikuwa wakivunja betri hizo na kuchekecha udongo ili wapate risasi ya kuuza. Hawakujua kwamba walikuwa wakibeba mauti nyumbani.

Basi, usiyeyushe betri za magari nyumbani. Usile wala usivute sigara unapolehemu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Fanya kazi mahali penye hewa. Chungu cha lehemu kisirudi jikoni kupikia, hata ukikisugua. Na usizibe kwa lehemu ya risasi sufuria, birika, wala ndoo ya maji ya kunywa. Ikiwa ni lazima kuziba chombo cha namna hiyo, tafuta lehemu isiyo na risasi. Utajua sasa kwamba ina bati nyingi, na kwamba itakula ncha yako upesi zaidi. Punguza joto, tunza ncha, na ukubali gharama hiyo ndogo.

Fundi wetu wa sokoni alipata chungu cha chuma cha kusubu. Amekiweka juu ya sinia la mchanga. Mkebe uliotoboka hakuutupa. Ameutundika mlangoni, na kila mwanafunzi wake mpya huambiwa kwanza autazame na aeleze tundu lile lilitokeaje. Wewe sasa waweza kueleza.

JARIBIO LA DARASA

Tia kijiko kimoja cha sukari katika kikombe cha maji baridi. Tia kingine katika kikombe cha maji ya moto. Usikoroge. Ni kikombe kipi kinachotangulia kumaliza sukari? Rudia tena, lakini sasa koroga vikombe vyote viwili. Waeleze wenzako umeona nini, na jambo hili linafananaje na chungu cha lehemu.

MASWALI

1. Tulijuaje kwamba mkebe haukuyeyushwa na moto?
2. Taja mambo manne yanayofanya lehemu ile chuma upesi.
3. Kwa nini mkebe wa maziwa haufai kabisa kuyeyushia lehemu?
4. Dawa ya kulehemia ni rafiki wa kazi. Kwa nini ni adui wa chungu?
5. Kwa nini vyungu vya viwandani viliharibika upesi baada ya risasi kuondolewa?
6. Jadilianeni: Je, katika kijiji chenu kuna watu wanaozibisha ndoo na sufuria kwa lehemu? Mtawaeleza nini?

MANENO YA KUKUMBUKA

Lehemu: mchanganyiko wa madini laini ya kuungia madini mengine.
Bati: madini meupe, laini, ndiyo yanayokula chuma katika lehemu.
Risasi: madini mazito, laini, yenye sumu.
Chuma cha kusubu: chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu.
Ncha: sehemu ya mbele ya chuma cha kulehemia inayogusa kazi.
Titani: madini yenye ngozi imara isiyoshikwa na lehemu kwa urahisi.